Nani alokivusha?

Ami yangu alikuwa nahodha wa mashua kwa karibu miaka arobaini, na siku niliyojua kwamba kuna jambo ni siku kamba ilipomtoka mkononi. Tulikuwa tunarudi Amu, yaani mji wa Lamu, kutoka Shela, kusi inaanza kulegea, bahari haina neno. Ameketi tezini, mkono wa kulia uko kwenye usukani, kamba ya demani, ile ya kuzuia tanga, ameizungusha kwenye vidole vya kushoto kama alivyofanya tangu mimi sijazaliwa. Nikaona vidole vinafunguka. Kimoja, kisha cha pili, polepole, kama vya mtoto anayesinzia na peremende mkononi. Kamba ikapita katikati yake hadi mwisho, tanga likaanza kupigapiga, naye macho yako mbele, mkono umebaki hewani umekunjwa vilevile.

"Ami, kamba."

"N'nayo," akasema.

Niliidaka mwenyewe, na hatukulizungumza tena mpaka tulipofunga gatini.

Baada ya hapo yakaja maumivu ya alfajiri. "Kitwa chaniuma," ndilo neno alilotuamkia nalo kila siku, na ikifika saa nne kimeacha. Shangazi akampelekea kombe la zafarani, mwalimu wa madrasa akamsomea, na sisemi kwamba hayo hayakumfaa. Usiku ule alilala. Lakini Ijumaa moja alianguka baada ya swala, upande wa kushoto wote unarukaruka, na wiki hiyohiyo tukavuka Mokowe kupanda basi la Mombasa. Witu, Garsen, Malindi, njia nzima ameniegemeza kichwa begani.

Kipimo cha MRI kilionyesha uvimbe wa ukubwa wa ndimu upande wa kulia wa ubongo, juu ya sikio kuelekea kisogoni. Akapasuliwa. Daktari alitoka jioni, macho mekundu kwa uchovu, akatuambia: "Tumeutoa wote." Shangazi alisujudu palepale kwenye sakafu ya kordo.

Sina ugomvi na daktari yule. Alisema alichokiona kwa macho yake, na picha iliyopigwa baada ya upasuaji ilikuwa safi. Ila yeye alisema "wote" akiwa na maana ya uvimbe unaoonekana, na sisi tukasikia ugonjwa. Katika tofauti hiyo ndogo ya maana tuliingia sisi watu kumi na wawili wa nyumba moja, na ilitugharimu.

Majibu ya maabara yalisema glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Akapata tiba ya mionzi mara 30 katika wiki sita, pamoja na vidonge vya temozolomaidi, dawa ya saratani. Huo ndio utaratibu uliokubaliwa duniani tangu 2005, baada ya utafiti mkubwa kuonyesha kwamba vidonge hivyo vikiongezwa kwenye mionzi, muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa huuvuka, unasogea kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Hesabu hizo hakuna aliyetuambia, wala sisi hatukuuliza. Tulirudi Lamu tukachinja mbuzi.

Miezi saba alikuwa mtu mzima. Akatembea mpaka baraza yake ya pwani kila alasiri, akagombana na vijana kuhusu bei ya mbao. Halafu maneno yakaanza kumchelewa. Alikuwa akitaka kusema "kikombe" anakitazama, anakinyooshea kidole, ulimi haukileti. Tukapanda tena basi.

Ile picha ya pili niliishika mwenyewe kwenye kioo cha dirisha la chumba tulichopanga, jua la saa tisa likipenya. Upande wa kulia palikuwa na shimo jeusi lililosafishwa, kama kidimbwi maji yalipokupwa. Na upande wa kushoto, ng'ambo ya pili kabisa, wingu jeupe. Ami alikuja akasimama nyuma yangu. Akaitazama muda mrefu kama anavyotazama mawingu ya kaskazi.

"Kilikuwa kuume," akasema, neno moja moja. "Yeo kiko kushoto. Nani alokivusha?"

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lamu, nafundisha biolojia na fizikia, na sikuwa na jibu. Kwa mtu wa kisiwani swali hilo ni la kawaida kabisa: hapa hakuna kinachovuka bila chombo na mtu wa kukivusha. Lakini kwa sababu mimi nilinyamaza, wengine walijibu. Binamu yangu alisema daktari amebakiza makusudi ili alipwe mara mbili. Jamaa mwingine alisema uvimbe ukishafunguliwa ukapigwa na upepo hutawanyika, kwa hiyo kosa ni letu tuliokubali kisu. Na shangazi, ambaye nampenda na ambaye alikuwa anaumia kuliko sisi sote, akamtaja jirani yetu, rafiki wa Ami wa tangu utotoni, kwamba siku ile ya mbuzi alikuja akamtazama Ami kwa jicho lisilo zuri. Kufikia Jumapili, jirani akapitisha salamu mlangoni hakuna aliyemwitikia.

Nikaanza kusoma usiku. Nilisoma kwenye simu, kwa chaji ya kuungaunga, makala ngumu ambazo baadhi nililazimika kuzirudia mara tano.

La kwanza nililokutana nalo liliniketisha. Mwaka 1928 huko Baltimore, Marekani, mpasuaji Walter Dandy aliandika kwamba aliwatoa wagonjwa wa uvimbe wa namna hii nusu nzima ya ubongo, nusu ya kulia yote, kwa tumaini la kung'oa mzizi. Ugonjwa ukarudi upande uliobaki. Miaka kumi baadaye, 1938, mtafiti Hans-Joachim Scherer akaeleza alichokiona kwa hadubini: seli za uvimbe huu huacha kundi, zikaambaa moja moja kandokando ya mishipa ya damu na nyuzi nyeupe za neva, zikafika mbali na uvimbe wenyewe. Kati ya nusu mbili za ubongo kuna daraja la nyuzi zipatazo milioni 200. Seli hupita hapo. Picha ya MRI haizionyeshi mpaka zikusanyike zikawa nyingi.

Kwa hiyo siku daktari anatuambia "wote", abiria walikuwa wameshashuka ng'ambo.

Hilo pekee lingetosha kunyamazisha ugomvi nyumbani, lakini mimi halikunitosha. Kuwa na njia si kujua pa kwenda. Mlango wa bahari wa Mkanda upo siku zote kati ya kisiwa cha Manda na bara, lakini chombo hupita pale kwa kufuata maji, kwa kujua yanajaa au yanakupwa. Seli haina macho, haina dira. Inajuaje mbele ni wapi?

Hapo ndipo nilipokutana na umeme. Nilifikiri nimekosea makala.

Mwaka 1843 mwanasayansi wa Kijerumani Emil du Bois-Reymond alijikata kidole akapima, na akakuta umeme unatoka kwenye jeraha. Jambo lenyewe ni la chumvi. Ngozi yetu, usiku na mchana, inasukuma ioni za sodiamu, chembe za chumvi zenye chaji, kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo ndani kunakuwa chanya kuliko nje, kama betri ndogo iliyotandazwa mwili mzima. Ukikatwa, betri imetoboka. Mkondo unavujia kwenye jeraha, na pembeni yake panazuka uga wa umeme wa takriban milivolti 40 hadi 200 kwa kila milimita. Ni umeme mdogo mno, hauwashi taa wala hausikiki mkononi. Lakini seli za ngozi zinausikia. Zinaelekea ncha hasi, ambayo ni katikati ya jeraha, zinatambaa mpaka zinakutana na jeraha linafunga. Mwaka 2006 mtafiti Min Zhao na wenzake walionyesha kwamba umeme huo una amri kuliko ishara nyingine: walipougeuza mwelekeo katika maabara, seli ziligeuka zikaliacha jeraha, likazidi kupanuka. Wakaonyesha pia jeni zinazohusika. Moja inasukuma ule upande wa seli unaotangulia mbele. Nyingine, PTEN, ni kama breki.

Nilimweleza Ami haya asubuhi, tumekaa kizingitini. Mikono yake yote ilikuwa makovu ya ndoana, kamba na chaza. Akaigeuza akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine, akapitisha kidole kwenye kovu refu la kiganja. "Yote haya?" akauliza. Nikamwambia yote hayo, Ami, kila moja lilifungwa na seli zilizofuata mkondo.

Ubongoni nako ni hivyohivyo. Katika panya, seli changa za neva huzaliwa kwenye kuta za vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, zikasafiri kwenda mbele hadi sehemu inayohusika na kunusa. Mwaka 2013 kundi la Zhao lilipima likakuta njia hiyo ina mkondo wake wa umeme wa asili, na seli zinaufuata. Mwaka 2017 wakaenda mbali zaidi: walipandikiza seli shina za neva za binadamu, zile zinazoweza kuzaa seli mpya, kwenye ubongo wa panya, wakatumia umeme kuziongoza ziende kinyume na mkondo huo wa asili. Zikaenda. Niliisoma makala hiyo usiku wa manane na nikamwamsha mke wangu kumwambia. Maana yake ni kwamba iko siku mtu aliyepigwa na kiharusi anaweza kupelekewa seli mpya mpaka mahali palipoharibika, zikiongozwa kama chombo kinavyoongozwa mlangoni mwa bandari.

Na seli za uvimbe? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo swali la Ami lilipo.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, katika mji uleule wa Dandy, walichukua seli za glioblastoma za aina tano, zile zinazoweza kuanzisha uvimbe upya, wakaziweka kwenye kifaa kidogo chenye umeme wa mwelekeo mmoja. Kando wakaweka seli changa za ubongo usio na ugonjwa. Kwenye sakafu tambarare, seli zisizo na ugonjwa zilielekea ncha hasi. Za uvimbe, aina zote tano, zilielekea ncha chanya. Mkondo ni mmoja, ndugu wa tishu moja, na kila mmoja kashika upande wake. Halafu wakafanya jambo ambalo naliona ni la akili sana: wakazizamisha seli zilezile za uvimbe ndani ya ute mzito wenye kolajeni na asidi ya hayaluroniki, unaokaribia hali halisi ya ubongo kuliko kioo kitupu. Umeme haukubadilishwa. Seli zikageuka, zikaelekea ncha hasi.

Niliweka simu chini. Miaka yote nafundisha kwamba chaji hii huvuta ile, basi. Kumbe seli hai haivutwi kama unga wa chuma kwenye sumaku. Umeme unagusa protini na milango ya ioni iliyo kwenye ngozi yake, unazisogeza zaidi upande mmoja, na seli yenyewe ndiyo inayoamua mbele ni wapi, kulingana na ilichokanyaga. Inasonga kwa saa nzima labda upana wa unywele. Haina haraka. Na umeme ni kiongozi mmoja tu katika wengi: kuna kemikali, kuna ugumu wa tishu, kuna zile nyuzi na mishipa aliyoiona Scherer. Siwezi kusema kwamba umeme ndio uliokivusha kile cha Ami. Ninachoweza kusema ni kwamba njia zinazotumiwa na ugonjwa huu ni zilezile mwili ulizojiwekea kujenga ubongo na kufunga majeraha.

Kipo kingine nilichomletea Ami kwa sababu ni cha kwetu. Mwaka 2001 mtafiti Mustafa Djamgoz na wenzake waliripoti kwamba seli za saratani ya tezi dume ya panya, zile zenye tabia ya kusambaa, zilifuata uga wa umeme, na walipoziwekea sumu inayofunga milango ya sodiamu, zikapoteza mwelekeo. Sumu yenyewe, tetrodotoksini, ndiyo ile ya samaki bunju.

"Bunju!" Neno hilo halikumchelewa. "Yule twamtupa."

Mpwa wangu aliyekuwa amekaa pembeni akauliza kama tungempa Ami kidogo. Nilimkemea kwa sauti kali kuliko ilivyohitajika, na sijutii. Sumu ya bunju hupooza misuli ya kupumua na haina dawa ya kuipindua. Iliyotumika maabara ilipimwa kwa matone kwenye sahani ya seli, siyo kwenye sufuria.

Lakini mimi mwenyewe nilikosea, na kosa langu lilikuwa kubwa kuliko swali la mtoto. Katika kusoma nilikuta kwamba kuna tiba ya umeme kwa glioblastoma, imeidhinishwa Marekani tangu 2011. Nikalitangaza nyumbani kabla sijamaliza kusoma. Siku tatu baadaye binamu akaja kutoka Malindi na mkanda wa umeme aliouziwa na mtu wa barabarani kwa fedha za mashine ya boti, amwekee Ami kichwani. Uliandikwa kwamba unaondoa uvimbe wote.

Tiba ya kweli ni hii: mgonjwa ananyolewa, anabandikwa vibao kichwani, anabeba kifaa kwa angalau saa 18 kila siku. Umeme wake unatetema mara 200,000 kwa sekunde. Kwa kutetema hivyo hauongozi seli kwenda popote; kazi yake ni kuivuruga seli wakati inapojigawa. Katika utafiti wa wagonjwa 695, waliotumia kifaa pamoja na vidonge waliishi muda wa kati wa miezi 20.9, na wa vidonge peke yake miezi 16. Ni faida ya kweli, na ni ya miezi. Kwetu haikuwa karibu kupatikana. Mkanda wa Malindi ulikuwa wa kusisimua misuli ya tumbo. Niliukata waya mbele ya binamu yangu, nikamwomba radhi, kwa sababu neno nililolirusha nusu ndilo lililomtoa fedha mfukoni.

Tangu siku hiyo sisemi jambo la tiba nyumbani mpaka niwe nimelimaliza. Na nikienda na mtu hospitali, siulizi tena kama wameutoa wote. Nauliza: seli zake mnadhani zimefika wapi? Mtazitafuta lini tena, na kwa kipimo gani? Kama zikirudi, tutakuwa na njia zipi, na nani atamwangalia maumivu? Mwezi uliopita nilikaa na mama mmoja wa Pate mbele ya daktari kijana, nikamuuliza hivyo kwa niaba yake. Daktari alivuta kiti, akaketi, akatueleza kwa dakika ishirini. Nadhani alikuwa anangoja kuulizwa.

Ami alikataa kisu cha pili. Alikuwa na haki hiyo na aliitumia akili zake zikiwa timamu. Jioni moja, maji yanajaa, nilimpa jibu lake, kwa ufupi, kwa sababu sentensi ndefu zilikuwa zinamchosha.

"Ami, hakikuvushwa na mtu. Kilivuka chenyewe, kwa ndia za mwili, kabla ya kisu."

Akakaa. Ngalawa moja ilipita, mtoto wa ndani akampungia mkono, Ami hakumwona maana ilipita upande wa kushoto, ambao macho yake yalikuwa hayauoni tena.

"Kabla ya kisu," akasema.

"Kabla."

"Na kabla ya mbuzi?"

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaelewa.

"Kabla ya mbuzi, Ami. Miezi kabla."

Akamwita shangazi. Alitafuta jina la jirani yetu muda mrefu, midomo inatikisika, mpaka shangazi mwenyewe akalitaja kwa sauti ndogo, akavaa buibui akatoka. Alirudi naye baada ya Isha, mzee amebeba birika la kahawa ya tangawizi na halwa ndani ya karatasi, kofia ameivaa mpya kama anayekwenda posa. Akaketi kwenye mkeka, upande wa kushoto wa Ami, akatoa salamu. Ami akageuza uso huku na huko akitafuta sauti inatoka wapi. Nikamwambia mgeni asogee, aje huku, kuume. Akasogea. Ami akamwona, akanyoosha mkono ule uliobaki na nguvu, akamshika kiganja, na hakukiachia mpaka kahawa ikapoa.